Dakika za Kunoa Kisu

Kisu butu ndicho kinachomaliza mikono ya mkataji nyama. Kikali hupita chenyewe. Kilicho butu husukumwa, na gharama ya kila msukumo huingia kwenye kifundo, kisha kiwiko, kisha bega. Ndiyo maana katika viwanda vya nyama vya Marekani kunoa kisu kunahesabiwa kuwa kazi, na dakika zake zinalipwa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua hivyo mwaka 1956, katika shauri la Waziri wa Kazi, Mitchell, dhidi ya kampuni ya King Packing.

Uamuzi huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini nilipoingia kiwanda kimoja cha ng'ombe huko Nebraska, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo, wiki zangu za mwanzo nilikuwa nanoa visu kabla ya kugonga kadi. Hakuna aliyeniamuru. Supavaiza alisema tu kwamba anapenda kuona laini inaanza na visu vikali, nami mgeni nikaelewa ninachotakiwa kuelewa. Aliyenikatiza ni mzee mmoja Mzungu, mnyofoaji wa mifupa ya bega. Aliniuliza kama nimegonga kadi. Nikasema bado. Akaniongoza hadi kwenye mashine, akasubiri nigonge, halafu akamfuata supavaiza pembeni. Walichosemezana sikukisikia kwa kelele za minyororo, ila tangu siku hiyo zamu yetu nzima ilinoa visu baada ya kadi kugongwa.

Mzee yule hakuwa mwanasheria, na sidhani kama alijua jina la kesi ile. Alikuwa mjumbe wa chama cha wafanyakazi kwenye laini yetu. Sisi tuliotoka Afrika tulimwita Babu, na alipoelezwa maana yake akawa anaitika.

Nimeanza na kisu kwa sababu watu wanaposifu au kulaani vyama vya wafanyakazi vya Marekani huanza na mshahara. Mshahara una uzito wake, na nitaufikia. Lakini sheria nzuri za kazi Marekani zinazo tele. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyesimama karibu kiasi cha kuona kwamba hazifuatwi, na ambaye akisema hafukuzwi kesho yake.

Kwa upande wangu neno chama lilikuwa na historia nyingine. Baba yangu alikata mkonge katika mashamba ya Tanga. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini, shirikisho lao la TFL likavunjwa, na mahali pake serikali ikaunda NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Baba aliliona hilo kuwa kichekesho: unamlalamikia waziri, na waziri ndiye msemaji wako. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, jumuiya ya chama tawala, na ada ikaendelea kukatwa. Nyumbani kwetu chama cha wafanyakazi kilikuwa mstari kwenye karatasi ya mshahara.

Kwa hiyo mama mmoja wa Kimeksiko, mwenyeji wa Jalisco, aliponifuata chumba cha chakula na fomu ya kujiunga, nilimuuliza kwa nini ananiomba. Si wakate tu? Alicheka, kisha akanieleza jambo ambalo nililichukulia kuwa mzaha mpaka nilipolithibitisha. Katika jimbo la Nebraska hakuna anayeweza kulazimishwa kulipia chama. Wapiga kura waliliingiza hilo kwenye katiba ya jimbo mwaka 1946. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Taft-Hartley, Rais Truman akaipinga kwa kura yake ya turufu, Bunge likampita, na tangu hapo kila jimbo lina ruhusa ya kuweka sharti kama hilo. Nebraska, Iowa, Dakota Kusini, Kansas: ramani ya nyama na ramani ya sheria hii zinalaliana sana.

Uhuru wa kutolipa si jambo baya ukiutazama peke yake, baba angeupenda. Kasoro yake iko upande wa pili. Sheria hiyohiyo ya taifa inakibana chama kumtetea kila mfanyakazi wa eneo lake, awe amelipa au hakulipa. Mkataba wa hali bora ni wa wote, nyongeza ni ya wote, mjumbe anamsindikiza yeyote anayeitwa ofisini. Msudani mmoja tuliyekuwa tukila naye alisema hanunui mvua, kwa kuwa ikinyesha shamba lake nalo litalowa. Nilimjibu kwamba mvua hii ina watu wanaohangaika kuitafuta, na wanachoka. Hakubadili msimamo, na baada ya miaka mingi naona hoja yake ilikuwa na mashiko kwa mtu mmoja mmoja. Inaharibika ikishikwa na laini nzima.

Nilijaza fomu ile. Sikuvutwa na hoja, nilimheshimu aliyeileta. Mama huyu alikuwa akifanya kazi saa nane za kisu, kisha anabaki kuzungumza na wageni mmoja mmoja, kwa Kihispania, kwa Kiingereza cha kubahatisha, na kwetu sisi kwa ishara. Kule Tanga hakuna kiongozi wa NUTA aliyewahi kumbembeleza mkata mkonge.

Thamani ya karatasi ile niliiona mikono ilipoanza kufa ganzi. Anayekata nyama anarudia mkato uleule maelfu ya mara kwa zamu. Usiku vidole vinajikunja, asubuhi unavifungua kwa mkono wa pili. Siku moja sikuweza kushika kisu, nikamwonyesha supavaiza mkono, nikaenda kwa nesi. Kesho yake niliitwa ofisini. Palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba niliacha laini bila ruhusa, na nafasi ya saini yangu chini. Aliyeniita alikuwa mpole, alinikaribisha kiti na kunipa kalamu.

Nilisema neno moja nililofundishwa: mjumbe. Haki hii nayo ina kesi yake. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mfanyakazi mwenye chama, akiitwa kuhojiwa kwa jambo linaloweza kumletea adhabu, anaweza kudai mwakilishi wake awepo. Ilianza na mwanamke mhudumu wa duka huko Texas aliyeshukiwa kulipa dola moja kwa kuku wa dola 2.98. Mama wa Jalisco, naye mjumbe, aliingia akiwa bado na aproni, akakaa kando yangu, akaisoma karatasi taratibu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza swali moja: nesi aliandika saa ngapi kwamba mimi nimefika, na supavaiza aliandika saa ngapi kwamba ameniona naondoka? Wakatafuta daftari. Muda wa supavaiza haukuwepo. Hapakuwa na kelele wala hotuba. Karatasi ikarudi kwenye jalada, na mimi nikahamishiwa kwa muda kwenye kazi ya kupanga maboksi mpaka vidole viliponirudia.

Nimeulizwa mara kadhaa na Watanzania wenzangu kama chama kiliniongezea fedha. Kiliniongezea, kidogo, na si kila mwaka. Lakini mtu aliyewahi kukaa peke yake mbele ya karatasi iliyoandikwa lugha isiyo yake, na kodi ya nyumba inamsubiri, anajua kwamba kiti cha pili upande wake kina bei isiyoandikwa kwenye hundi.

Babu alikuwa ameuona mshahara wa kweli. Alianza kazi Omaha akiwa kijana, wakati soko la mifugo la mji huo lilikuwa limeipita Chicago mwaka 1955 na kuwa kubwa kuliko yote duniani. Chama cha wakati huo, United Packinghouse Workers, kilikuwa na sifa isiyo ya kawaida: kiliwapanga pamoja Weusi na Weupe tangu miaka ya 1930 na 1940, wakati vyama vingi vya mafundi vilikuwa bado vinawafungia Weusi mlango. Kwenye reli, wapagazi Weusi wa mabehewa ya Pullman, chini ya A. Philip Randolph, walianzisha chama chao wenyewe mwaka 1925 na kupata mkataba wao wa kwanza mwaka 1937. Kwenye nyama, anasema Babu, hukuweza kugoma na nusu ya laini. Mkataji nyama wa miaka ya 1960 alipata mshahara uliozidi wastani wa viwanda. Alinunua nyumba, akasomesha.

Hapa niseme kitu kwa wasomaji wa nyumbani. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, aliporudi Nairobi kutoka ziara yake ya Marekani ya mwaka 1956, shirikisho la vyama vya Marekani, AFL-CIO, liliahidi dola 35,000 za kujenga makao ya vyama vya wafanyakazi Kenya, jengo lililoitwa Solidarity House. Tunapenda kusema ilikuwa siasa ya vita baridi, na ilikuwemo. Lakini fedha za shirikisho hutoka kwenye ada, na ada hutoka kwa watu kama Babu, wanyofoaji mifupa.

Halafu viwanda vikahama. Mwaka 1960 ilianzishwa kampuni mpya, Iowa Beef Packers, na kiwanda chake cha kwanza kikawa Denison, mji mdogo wa Iowa, karibu na ng'ombe na mbali na mitaa iliyokuwa na kumbukumbu ya migomo. Mwaka 1967 ikaanza kuuza nyama iliyokwisha kukatwa na kufungwa kwenye maboksi. Fundi aliyejua ng'ombe mzima akavunjwa vipande kama ng'ombe mwenyewe: mmoja akate hapa, mwingine pale, kila mmoja mkato wake, kazi inayofundishika kwa siku chache. Asiye na ufundi hana cha kuzuia. Viwanda vya zamani vya Omaha vilifungwa kimoja baada ya kingine, uwanja wa mifugo wa Chicago ukafungwa mwaka 1971, wa Omaha ukafuata mwaka 1999. Babu aliifuata kazi shambani, kwa mshahara aliosema hakuutaja nyumbani kwa mwezi mzima. Kufikia wakati wangu, mkataji nyama alilipwa chini ya wastani wa viwanda.

Wachambuzi hupenda kutaja Agosti 1981, Rais Reagan alipowafukuza waongozaji ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Ni kweli waajiri waliipokea ile kama ruhusa. Kwa watu wa nyama jina linalotajwa ni Austin, Minnesota. Mwaka 1984 kampuni ya Hormel ilishusha mshahara kutoka dola 10.69 kwa saa hadi 8.25. Agosti 1985 tawi la P-9, wafanyakazi kama 1,500, wakagoma. Januari iliyofuata gavana Rudy Perpich akapeleka askari wa akiba wa jimbo, kiwanda kikafunguliwa kwa waliokuwa tayari kuvuka mstari wa mgomo, na baadhi ya waliovuka walikuwa wagomaji wenyewe. Pigo la mwisho lilitoka ndani. Chama kikuu, UFCW, hakikuukubali mgomo uendelee; kiliwaondoa madarakani viongozi wa tawi hilo na kusaini mkataba chenyewe. Babu, mtu wa chama hadi mfupa, hakuwahi kunipa jibu la moja kwa moja nilipomuuliza nani alikuwa na haki Austin. Alisema walioko makao makuu waliona hesabu na walioko Austin waliona nyuso, na wote walikuwa wanaona kweli.

Mimi nina jibu langu, na sijali likiwaudhi wapenzi wa vyama. Vyama vya Marekani havikuuawa na matajiri na sheria peke yao. Vingi vilihamia ofisini vikiwa bado na nguvu. Vikawa na mawakili wazuri na mikutano mitupu. Vikajizoeza kumwona mwanachama kuwa mteja, na mteja akiona huduma haitoshi huacha kulipa. Marais wawili wa zamani wa chama kikubwa cha magari, UAW, walihukumiwa kifungo mwaka 2021 kwa kuhusika na ufujaji wa fedha za wanachama. Katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama. Mwaka 1983 walikuwa asilimia 20.1. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 9.9, na ukiwatoa walimu, wazimamoto na watumishi wengine wa umma, kwenye kampuni binafsi walikuwa 5.9.

Takwimu hizo hazionyeshi kilichomo ndani ya ukumbi wa mkutano. Septemba 2008, mwezi wa Ramadhani, wafanyakazi Wasomali wa kiwanda kimoja mjini Grand Island, Nebraska, walitoka nje wakidai muda wa kufuturu na kuswali magharibi. Kampuni ilipolegeza, wafanyakazi wengine, wengi wao Walatino, nao wakatoka kupinga, na mwishowe Wasomali kwa makumi walipoteza kazi. Habari ile ilifika kwetu ikiwa moto. Nilikuwa zamu ya pili, ya alasiri hadi usiku, na jua la Nebraska mwezi ule linazama laini ikiwa katikati ya mwendo wake.

Kwetu pangeweza kuharibika vilevile. Kilichotofautisha ni kwamba mkataba ulikuwa karibu kuisha na kamati ya chama ikaitisha mkutano. Ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, wakalimani watatu wasioelewana. Wameksiko walisema mapumziko yakisogezwa watakaa na njaa saa nyingi kwa ajili ya dini ya wengine. Wasomali walisema hawaombi fadhila. Palitukanwa. Mama wa Jalisco aliacha watu wachoke, kisha akawauliza Wameksiko wao wanataka nini. Ikajulikana kwamba kwa miaka wamekuwa wakipewa alama ya utoro tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Bikira wa Guadalupe. Ikawekwa mezani pamoja: mapumziko ya pili yacheze kulingana na jua kwa mwezi mmoja, na tarehe 12 Desemba mtu aruhusiwe kuchukua siku yake bila alama. Kura ikapigwa kwa vyote viwili kwa mkupuo, huwezi kukubali kimoja ukakataa kingine. Nilimwona mzee mmoja wa Kisomali, haji wa ndevu nyeupe, akinyoosha mkono kumpigia kura Bikira, uso wake ukiwa mzito kama mtu anayemeza dawa. Kampuni ilikubali la mapumziko, na la Desemba ikalikubali nusu.

Hakukutokea urafiki mkubwa baada ya hapo. Tuliendelea kula meza mbalimbali. Lakini nimeishi Marekani miaka mingi na sijaona tena mahali ambapo watu wa aina ile walilazimika kukaa mpaka wapatane, bila kiongozi wa dini, bila mwanasiasa.

Chama hakikuzuia kila kitu. Aprili 2020 kiwanda cha nguruwe cha Smithfield huko Sioux Falls, Dakota Kusini, kilifungwa kwa ugonjwa wa korona. Kilikuwa na chama. Serikali ilihesabu baadaye walioambukizwa kuwa 1,294 na waliokufa wanne, na faini iliyotozwa ilikuwa dola 13,494. Ripoti ya wataalamu wa afya waliokitembelea ilitaja lugha kumi kuu za wafanyakazi wake, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwao. Siku nyingine ningefurahi kuona lugha yangu imeandikwa na serikali ya Marekani. Kwetu tuliwekewa mapazia ya plastiki kati ya mtu na mtu, baada ya kamati kudai, na mwisho wa mwezi huo Rais Trump akatoa amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee. Babu alikuwa ameshastaafu. Mama wa Jalisco aliugua, akapona, hakurudi kwenye kisu.

Mwanangu anafanya kazi kwenye ghala la bidhaa, si mbali na Omaha. Hakuna chama. Mshahara wake wa kuanzia umenizidi mbali, na ananikumbusha. Mwaka jana aliitwa ofisini kwa madai kwamba anachelewa kati ya rafu na rafu. Mashine aliyoishika mkononi ndiyo iliyomshtaki. Aliomba mwenzake aingie naye. Wakamwambia haiwezekani, na kisheria hawakukosea: tangu mwaka 2004 Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi inashikilia kwamba haki ile ya mwaka 1975 ni ya wenye chama tu. Aliingia peke yake, akasaini.

Nilimweleza kwamba watu bado wanajaribu. Aprili 2022 wafanyakazi wa ghala la Amazon huko Staten Island walishinda kura ya kuwa na chama; miaka imepita bila mkataba wa kwanza, nikalikubali hilo kabla hajalisema. Aprili 2024 wa Volkswagen huko Chattanooga, Tennessee, walishinda baada ya kushindwa mwaka 2014 na 2019. Akanijibu kwamba kiwanda cha magari mtu anakaa miaka ishirini. Kwenye ghala lake wanaomaliza mwaka ni wachache, majina hayajifunziki, na kila mmoja anafuata mashine yake bila mtu wa kusimama naye.

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa nyama ya Chicago wakati mmoja. Wapolandi na Walithuania waliokuja na kuondoka, vibarua wakisubiri getini alfajiri. Waligoma mwaka 1904 wakashindwa, wakagoma tena mwaka 1921 wakashindwa, wakaanza upya mwaka 1937, na chama cha kina Babu kikasimama rasmi mwaka 1943. Alitoa simu akapiga hesabu, 1904 hadi 1943, akaniuliza kama ninajua mkopo wa gari lake ni wa miezi mingapi. Ni sitini, na hana hakika kwamba kazi ile itafika huko.